Mgeni Ameona Nini? Kujaribu Ugunduzi wa Vifaa kwenye Mashine Pepe za Meinfremu

Linux inapoanza kuwaka ndani ya mashine pepe ya meinfremu, haijui imepewa vifaa gani. Diski inaweza kuwa moja au hamsini. Kadi ya mtandao inaweza kuwepo au isiwepo. Lazima iulize, na anayejibu si maunzi bali ni programu nyingine, haipavaiza, inayoshika nafasi ya maunzi mbele ya mgeni wake. Kuuliza na kujibu huko ndiko kugundua vifaa. Kukiwa na kasoro ndogo, mara nyingi haionekani siku hiyo. Huonekana baadaye, diski moja inapokosekana baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa, na watu wanaanza kuushuku mfumo wa faili ambao hauna kosa lolote.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unatengeneza, unafungasha au unatunza mashine pepe za s390x, jina ambalo Linux imeupa usanifu wa IBM Z. Msimamo wangu ni kwamba jaribio linaloishia kwenye "kifaa kipo" halijajaribu kitu kikubwa. Jaribio la maana huuliza mgeni amekitambua kifaa kuwa nini, kwa anwani ipi, na kama atakitambua vilevile hali ikibadilika: kikichomekwa mashine ikiwa kazini, kikichomolewa, jirani yake akiondolewa, au anwani yake ikikaliwa na kifaa cha aina nyingine.

Na huhitaji meinfremu. QEMU huiga kichakato cha s390x juu ya kompyuta mpakato ya kawaida. Ni polepole, lakini kwa kazi hii polepole haidhuru. Aliyeko Eldoret au Morogoro na hajawahi kuikaribia mashine ya IBM Z anaweza kupata kasoro ya kweli katika ugunduzi wa vifaa na kuiripoti.

Mgeni huuliza vipi

Kwenye meinfremu programu haikigusi kifaa moja kwa moja. Tangu System/360 iliyotangazwa mwaka 1964, kazi ya kusafirisha data imekuwa ya chaneli, na tangu usanifu wa System/370-XA wa miaka ya 1980 kila kifaa huonekana kwa programu kupitia chaneli ndogo. Chaneli ndogo ni mlango wenye namba. Nyuma yake kunaweza kuwa na kifaa, na kifaa hicho kina namba yake nyingine kabisa. Namba hizi mbili ndizo chanzo cha makosa mengi, kwa hiyo zitenganishe kichwani tangu sasa. Namba ya chaneli ndogo hutolewa na mfumo kwa zamu. Namba ya kifaa huchaguliwa na binadamu aliyepanga mashine.

Kerneli hupita chaneli ndogo moja baada ya nyingine kama karani wa sensa. Kwa kila namba hutoa amri ya STSCH. Jibu la kwanza linaloweza kurudi ni msimbo wa hali 3, yaani hakuna chaneli ndogo hapa. La pili ni msimbo 0 pamoja na jedwali la maelezo. Ndani ya jedwali hilo kuna biti moja inayosema kama namba ya kifaa ni halali. Ikiwa imewashwa, kuna kifaa. Ikiwa imezimwa, mlango upo lakini ndani hamna mtu.

Baada ya hapo kerneli huifungua chaneli ndogo na kutuma amri ya SENSE ID, ambayo kwa heksadesimali ni E4. Kifaa hujibu kwa aina na modeli ya kidhibiti chake, kisha aina na modeli yake chenyewe. Diski ya 3390 hujitaja hivyo. Kadi ya mtandao ya OSA husema 1732/01 chini ya kidhibiti 1731/01. Vifaa vya virtio, ambavyo havikuwahi kuwa chuma mahali popote, vina kidhibiti 3832, na modeli yake ndiyo namba ya aina ya virtio: 01 ni mtandao, 02 ni diski, 04 ni chanzo cha namba nasibu, 05 ni puto la kumbukumbu. Jibu hili ndilo kerneli hulitumia kuchagua kiendeshi. Likikosewa, kifaa kitaonekana kwenye orodha na hakuna kitakachokiendesha.

Chaneli ndogo zimegawanywa katika seti hadi nne, 0 mpaka 3, na kila seti ina nafasi 65,536. Mgeni aliyewaka huiona seti 0 tu, mpaka mwenyewe aombe kufunguliwa nyingine. Kwenye mashine halisi seti za juu hutumiwa sana kwa majina ya ziada ya diski, hivyo zina watumiaji wa kweli. Ila anayejaribu kwa haraka huweka kila kitu kwenye seti 0, na msimbo wa kuziomba seti nyingine hukaa bila kuguswa.

Kuandaa uwanja

Chukua kerneli na initrd za kisakinishi cha Debian cha s390x. Kwenye saraka ya picha za generic utakuta faili mbili, kernel.debian na initrd.debian. Zinatosha, huhitaji hata diski. Kigezo BOOT_DEBUG=3 hukupa sheli kabla kisakinishi hakijaanza maswali yake; ukikuta /sys bado tupu, andika exit uingie sheli inayofuata.

qemu-system-s390x -M s390-ccw-virtio -m 512 -nographic -nic none \
  -kernel kernel.debian -initrd initrd.debian \
  -append "console=sclp0 root=/dev/ram0 BOOT_DEBUG=3" \
  -device virtio-net-ccw,devno=fe.1.0a5c \
  -device virtio-rng-ccw,devno=fe.2.0000,max_revision=0 \
  -device virtio-rng-ccw,devno=fe.3.ffff,max_revision=2 \
  -device zpci,uid=26,fid=31,target=kadi \
  -device virtio-net-pci,id=kadi

Hakuna namba hapo iliyowekwa ovyo. QEMU ikiachwa ichague anwani yenyewe, huanzia 0.0.0000 na kupanda. Hapo namba ya kifaa na namba ya chaneli ndogo hufanana, na programu inayozichanganya hupita jaribio bila shida. Ndiyo maana kadi ya mtandao imepewa 0a5c. Ina herufi za heksadesimali, inaanza na sifuri, na haiwezi kulingana na namba ya mlango wake, ambao utakuwa 0000 kwenye seti 1. Vifaa viwili vya namba nasibu vimewekwa pembezoni kabisa, 0000 na ffff, kwa kuwa makosa ya kuhesabu moja zaidi au moja pungufu hujificha kwenye mipaka. Seti 1, 2 na 3 zote zimeguswa.

Kwa PCI nimeandika uid=26 na fid=31 kwa desimali makusudi. Ndani ya mgeni lazima zitokee kama 1a na 1f. Ukitumia namba zilizo chini ya kumi hutajua kama mtu katikati amesahau kubadilisha.

Kigezo -nic none kinazuia QEMU isikuongezee kadi ya mtandao ya hiari yake. Orodha unayoitarajia iwe kamili, ili kifaa cha ziada nacho kihesabiwe kuwa kosa. Majaribio mengi hukagua kama vinavyotakiwa vipo, na hayakagui kama visivyotakiwa havipo.

Kusoma majibu

Ndani ya mgeni, anza hapa:

ls /sys/bus/ccw/devices/

Tarajia 0.1.0a5c, 0.2.0000 na 0.3.ffff, basi. Ile fe uliyoiandika upande wa mwenyeji ni namba ya mfumo wa chaneli ambao QEMU huutengea vifaa pepe. Mgeni huuona kama 0. Liandike hilo wazi kwenye jaribio lako, kwa sababu anayesoma skripti yako mwaka ujao atadhani ni kosa.

Sasa uliza utambulisho:

cat /sys/bus/ccw/devices/0.1.0a5c/cutype

Jibu ni 3832/01. Kwa vifaa viwili vya namba nasibu ni 3832/04. Faili la devtype litasema n/a, na hilo ni sahihi kwa virtio, maana kifaa hakitaji aina yake zaidi ya kidhibiti. Halafu tazama uhusiano wa mlango na kifaa:

readlink -f /sys/bus/ccw/devices/0.1.0a5c

Njia itapita kwenye css0, kisha 0.1.0000, kisha 0.1.0a5c. Hapo ndipo namba zote mbili zinapokaa pamoja, na jaribio lako lizikague zote. Kwenye mgeni kamili wenye kifurushi cha s390-tools, amri ya lscss inaonyesha habari hizo katika jedwali moja pamoja na hali ya njia za chaneli.

Tofauti ya max_revision inahitaji maelezo. Virtio juu ya chaneli ina marekebisho: 0 ni ule utaratibu wa kale, 1 ulikuja na virtio 1.0, na 2 uliongeza amri ya kusoma hali ya kifaa. Mgeni na mwenyeji hukubaliana marekebisho wakati wa ugunduzi. Ukiwa na kifaa kimoja cha 0 na kingine cha 2 ndani ya mashine moja, unahakiki kwamba makubaliano hufanywa kwa kila kifaa peke yake. Soma faili la features chini ya saraka ya virtio ya kila kifaa. Biti ya 32, ukianza kuhesabu kwa sifuri kutoka kushoto, huonyesha virtio ya kisasa. Lazima iwe 0 kwa kile cha kale na 1 kwa kile kipya.

Kuonekana bado si kufanya kazi, na vifaa vya namba nasibu ni vizuri kwa kulithibitisha hilo bila diski wala mtandao:

dd if=/dev/hwrng of=/dev/null bs=1k count=10

Kumi zikitoka, kimoja kati ya viwili kinafanya kazi, lakini hujui ni kipi. Kibandue kimoja kutoka kwa kiendeshi chake:

echo 0.2.0000 > /sys/bus/ccw/drivers/virtio_ccw/unbind

Rudia dd. Ikifaulu, 0.3.ffff ni mzima. Kibandue na hicho pia, kisha rudia mara ya tatu: sasa dd lazima ishindwe. Usiiache hatua hii ya kushindwa. Bila hiyo huna hakika kama namba zilikuwa zikitoka kwenye vifaa vyako au kwingine.

PCI isiyofanana na ya kompyuta ya mezani

Watu waliozoea x86 hutarajia kuona njia ya PCI yenye matawi, kerneli ikiipita nafasi kwa nafasi. Kwenye IBM Z haiko hivyo. Mgeni hutoa amri moja ya kuomba orodha ya kazi za PCI, naye mwenyeji humkabidhi orodha. Kila kazi huja na vitambulisho viwili, UID na FID, na Linux hutumia UID kuwa namba ya eneo zima la anwani. Kwa hiyo kadi yetu itakaa 001a:00:00.0, peke yake ndani ya eneo lake. Hakikisha:

cat /sys/bus/pci/devices/001a:00:00.0/function_id
cat /sys/bus/pci/devices/001a:00:00.0/vendor

La kwanza litoe 0x0000001f, la pili 0x1af4, ambayo ni namba ya mtengenezaji kwa vifaa vya virtio. Mambo mawili ya kujaribu hapa ni UID kufika kama ilivyoandikwa na FID kutochanganywa nayo. Ukiongeza kadi ya pili, zipe UID na FID zinazopishana, ya kwanza ikiwa na UID kubwa na FID ndogo, ya pili kinyume chake. Mpangilio ukifuatwa kwa kosa, utaona papo hapo.

Pengo

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko pengine pote.

Linux ikipata msimbo wa hali 3 kwenye seti fulani, huchukulia kwamba seti hiyo imeisha, na haiendelei mbele. Ni busara, kwa sababu kuuliza milango 65,536 kwa kila seti bila sababu ni kupoteza muda. Lakini busara hiyo inamdai mwenyeji kitu: kukiwa na nafasi tupu katikati na kifaa mbele yake, ni lazima ajibu msimbo 0 na jedwali lenye biti ya kifaa iliyozimwa. Msimbo 3 ni wa baada ya kifaa cha mwisho tu. Haipavaiza inayojibu 3 kwa kila nafasi tupu huficha vifaa vyote vilivyo nyuma ya pengo. Na pengo halipo siku ya kwanza. Huzaliwa mtu anapochomoa kifaa cha katikati.

Jaribio lake ni fupi. Weka vifaa vitatu kwenye seti 0, kwa mfano devno fe.0.1000, fe.0.2000 na fe.0.3000, na vipe id: kwanza, kati, mwisho. Viache viwake, hakikisha vyote vitatu vipo. Ingia kwenye monita ya QEMU kwa Ctrl-a kisha c, na uandike:

device_del kati
system_reset

Mgeni akiwaka upya, 0.0.1000 na 0.0.3000 lazima viwepo na 0.0.2000 kisiwepo. Kuwasha upya ni lazima, kwa sababu kabla ya hapo kerneli bado inakumbuka kifaa cha tatu ilichokiona mwanzo, na jaribio litafaulu hata kama mwenyeji ana kasoro. QEMU hulishughulikia vizuri. Ukiwa unaandika haipavaiza yako, au unarekebisha sehemu ya chaneli katika nyingine, anza na jaribio hili kabla ya yote.

Kisha endelea: chomeka kifaa kipya cha aina tofauti baada ya pengo kutokea. Kitachukua mlango uliokuwa wa kile kilichoondoka. Mgeni hapaswi kubaki na kumbukumbu ya mpangaji wa zamani.

Kuchomeka na kuchomoa

Kifaa kikiongezwa mashine ikiwa kazini, mgeni hapiti milango yote tena. Mwenyeji humtumia kikatizo cha hitilafu ya mashine kinachosema kuna ripoti ya chaneli, na mgeni huichukua ripoti kwa amri ya STCRW. Ndani ya ripoti kuna namba ya chaneli ndogo iliyobadilika, na kerneli hukagua hiyo pekee. Huu ni msimbo tofauti kabisa na ule wa kuwaka. Kufaulu kwa mmoja hakukuambii chochote kuhusu mwingine.

Kwenye monita:

device_add virtio-net-ccw,devno=fe.0.4e1d,id=mgeni1

Ndani ya mgeni subiri kifaa kitokee. Nasema subiri, na namna ya kusubiri ndiyo inayotenganisha jaribio la kuaminika na lile linaloshindwa kila Ijumaa bila sababu. Usiandike sleep 5. Kwenye mashine yenye kasi sekunde tano ni upotevu. Kwenye mashine iliyolemewa, huku QEMU ikiiga kila amri ya kichakato, hazitoshi. Subiri tukio lenyewe. Futa kwanza ujumbe wa zamani kwa dmesg -c, chomeka kifaa, kisha zunguka mpaka maneno "CRW reports" yatokee. Kerneli nyingi huyaandika ripoti inapofika, ila ni ujumbe wa ngazi ya uchunguzi. Ripoti ikishafika, utambuzi bado unaweza kuwa unaendelea chinichini, kwa hiyo:

echo 1 > /proc/cio_settle

Amri hiyo hairudi mpaka kazi zote za utambuzi zilizokuwa kwenye foleni zimekwisha. Ni faili dogo wasilolijua wengi, nami naliona ni zana bora kuliko zote kwa anayeandika majaribio haya.

Kuchomoa nako kuna mtego wake. Ukituma device_del kwa njia ya QMP, monita ya QEMU inayotumiwa na programu, jibu la kwanza linamaanisha ombi limepokelewa, halimaanishi kifaa kimeondoka. Subiri tukio la DEVICE_DELETED. Kwa PCI hili ni zito zaidi, kwa sababu mgeni huombwa kwanza aiachie kadi. Baada ya tukio, ls ya anwani ile ndani ya mgeni lazima iseme hakuna faili kama hilo.

Mawili ya kuongeza kama una nafasi. Chomoa kadi ya mtandao kwenye 0.0.4e1d na mara moja chomeka virtio-rng-ccw kwenye anwani ileile. Cutype lazima ibadilike kutoka 3832/01 kwenda 3832/04. Na chomeka vifaa vingi kwa mfululizo bila kupumzika. Ripoti za chaneli zinaweza kujaa, na usanifu una biti ya kumwarifu mgeni kwamba nyingine zimepotea. Hapo Linux hukagua milango yote upya. Hesabu ya mwisho ndiyo itakayosema kama hakuna kilichoachwa.

Kifaa kinapofichwa kwa makusudi

Kabla hujaripoti kwamba kifaa hakikugunduliwa, tazama mstari wa kerneli. Kigezo cio_ignore=all,!condev huiambia kerneli ipuuze vifaa vyote isipokuwa konsoli, na visakinishi vya baadhi ya mifumo hukitumia kwa sababu nzuri: kwenye mashine kubwa yenye maelfu ya diski za watu wengine, hutaki kila mgeni azisalimie zote. Soma /proc/cio_ignore. Kukifungua kifaa kimoja:

echo free 0.0.4e1d > /proc/cio_ignore

Liwekee hili jaribio lake pia. Washa mgeni akiwa na kigezo hicho, hakikisha orodha ya vifaa iko tupu, fungua kifaa kimoja, hakikisha hicho kimoja tu ndicho kimetokea.

Tofautisha pia kugunduliwa na kuwa tayari. Vifaa vya virtio huwa tayari vyenyewe vikishapata kiendeshi. Diski za DASD hubaki kando mpaka uandike chccwdev -e na anwani yake. Faili la availability kwenye saraka ya kifaa litakuambia kama ni good, boxed, no path au no device. Boxed humaanisha kifaa hakijibu kwa kuwa mfumo mwingine umekishikilia.

Kwenye z/VM

Ukipata nafasi juu ya z/VM, kizazi cha sasa cha VM/370 ya mwaka 1972, itumie. QEMU na Linux zina wachangiaji wa pamoja na kasoro zake zinaweza kulingana. Z/VM ni shahidi wa nje. Mwombe msimamizi mgeni wako mwenyewe, usijaribie kwenye ule wa kazi. Ndani ya Linux, amri ya vmcp hupeleka ombi kwa CP, haipavaiza ya z/VM, na mtumiaji wa kawaida ana ruhusa ya kujitengenezea diski ya kumbukumbu:

vmcp define vfb-512 as 0a5c blk 20000

Itatokea 0.0.0a5c, na lscss itaionyesha kama 9336/10 chini ya 6310/80. Kadi ya mtandao huletwa na vmcp define nic 0600 type qdio, nayo hutoa vifaa vitatu kwa mpigo, 0600, 0601 na 0602: cha kusoma, cha kuandika na cha data. Jaribio lililotarajia kifaa kimoja kwa kadi moja litashindwa hapo, na ni vizuri lishindwe mapema. Kabla ya vmcp detach, endesha vmcp query virtual all na usome namba mara mbili; CP haitakuuliza kama una uhakika.

Utaona pia wakazi usiowaalika: 0009 ni konsoli ya 3215, 000c msomaji wa kadi na 000d kitoboaji chake, vyote vya jamii ya 2540 ya enzi za System/360, na 000e ni printa ya 1403 iliyotoka mwaka 1959. Si mapambo. Kwa vifaa vya kale visivyojibu SENSE ID, Linux humuuliza CP kwa njia nyingine, amri ya DIAGNOSE X'210', na vifaa hivi ndivyo vinavyokupa nafasi ya kuijaribu njia hiyo. Viache kwenye orodha yako ya matarajio, na cutype zake uzikague kama vingine vyote.

Kuliacha lijiendeshe

Jaribio la kuandikwa kwa mkono hufa. Hazina ya QEMU yenyewe ina jaribio la s390-ccw-virtio linalofanya sehemu kubwa ya haya, kwenye saraka ya tests/functional ambako majaribio yake yalihamishiwa kuanzia 2024; lisome, kisha ongeza lako juu yake badala ya kuanza upya. Kwa anayetaka kushuka chini zaidi, mradi wa kvm-unit-tests una s390x/css, programu ndogo inayotoa STSCH na SENSE ID bila Linux kabisa. Ikifaulu hiyo na Linux ishindwe, umeshajua upande wa kutafuta.

Jaribio likishindwa, kusanya ushahidi kabla ya kuzima mashine: mstari mzima wa QEMU na toleo lake, uname -r ya mgeni, matokeo ya lscss au ya ls pamoja na cutype, yaliyomo kwenye /proc/cio_ignore, na dmesg kamili. Kisha pandisha debugfs na nakili faili za sprintf kutoka cio_msg na cio_crw chini ya /sys/kernel/debug/s390dbf. Humo kerneli huandika kila ripoti iliyopokea na uamuzi ilioufikia kuhusu kila chaneli ndogo, kwa mpangilio wa muda, na anayepokea taarifa yako ataanza kuzisoma hizo kabla ya maelezo yako.